Ratiba ya saa tatu tatu kwa mtoto mchanga: nikaze au nilegeze?

#1 UsikuMrefu
Habari zenu wanajukwaa. Nina mtoto wa wiki tatu, ndiye wa kwanza, ananyonya ziwa tu. Wifi yangu kaniletea ratiba aliyoitumia kwa wanawe wawili, nimeibandika nyuma ya mlango wa chumbani. Inasema hivi: kunyonya saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10, saa 1 jioni, saa 4 usiku, halafu mara moja tu usiku wa manane. Kila mzunguko una mpangilio wake: ananyonya, anakaa macho kidogo, kisha analazwa akiwa bado macho ili ausake usingizi mwenyewe. Hatakiwi kusinzia ziwani.

Mchana tunajivuta nayo. Shida inaanza saa 11 jioni. Ananyonya dakika chache, anaachia, anasinzia. Nikimlaza tu anafumbua macho, anageuza kichwa huku na huku, ngumi mdomoni. Ratiba inasema nisubiri hadi saa 1. Nasubiri, analia mpaka sauti inakauka, nami nalia naye. Wifi anasema nikilegea sasa nitasumbuka mwaka mzima, kwamba wake walilala usiku kucha mapema kwa sababu alikaza. Mliofuata ratiba tangu wiki za mwanzo, iliwakubali? Hiyo jioni mliivukaje?

#2 Shangazi wa Wote
Hongera mwanangu kwa kujifungua salama. Kichwa kinachotafuta na ngumi mdomoni ni njaa. Mpe ziwa, ratiba isubiri.

#3 Napita Kimya
Naweka kambi hapa, wetu anatarajiwa mwezi ujao.

#4 Mkunga Mstaafu
Mama kijacho na mama mzazi wote karibuni. UsikuMrefu, nimeihesabu hiyo ratiba yako. Ni mara saba kwa saa 24. Mtoto wa umri huo anayenyonya ziwa kwa kawaida hunyonya mara 8 hadi 12. Kwa hiyo hata ukiifuata bila kukosea dakika moja, bado uko chini ya kiwango.

Kulia ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla ya hapo mtoto hulamba midomo, hufungua kinywa, hugeuza shavu kutafuta chuchu, hupeleka mkono mdomoni. Akishafika kulia anakuwa amevurugika, hashiki ziwa vizuri, ananyonya kidogo, anachoka na kulala akiwa nusu tumbo. Halafu dakika ishirini baadaye mnaanza upya. Huenda hiyo jioni yenu inatengenezwa na kule kusubiri.

Nijibu mambo mawili. Nepi za mkojo ngapi kwa siku? Na uzito wake wa mwisho kliniki ukoje ukilinganisha na wa kuzaliwa?

#5 Mama Saa
Mimi niko upande wa wifi, na nitasema bila kuficha. Wanangu wote nimewalea kwa ratiba tangu wiki ya pili. Walikua, walinenepa, na mimi nilijua lini nitaoga, lini nitakula, lini nitafumba macho. Watu wakisikia ratiba wanafikiri ni mama anayekaa na saa mkononi huku mtoto anakufa njaa. Sivyo.

Nilichokuwa nafanya ni hiki: asubuhi tunaamka saa ileile, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Nafungua mapazia, namvua nguo za kulalia, nanyonyesha kwenye mwanga. Mchana simwachi alale zaidi ya saa tatu bila kunyonya, namwamsha. Usiku taa hafifu, hakuna mazungumzo, nepi nabadilisha ikiwa na choo au imelowa sana tu. Mtoto akijaza tumbo mchana, usiku anadai kidogo. Saa zilisogea nusu saa mbele au nyuma kila siku, sikujali, mpangilio ndio haukubadilika.

#6 Shangazi wa Wote
Mama Saa, ulichoeleza wewe na ile karatasi ya mlangoni ni vitu viwili tofauti, dada yangu. Wewe ulikuwa unamwamsha ale. Mwenzio anaambiwa amzuie asile.

#7 Mama Saa
Kidogo umenikamata hapo, shangazi. Lakini kuna siku nilimchelewesha pia, nikamzungusha, nikamwimbia, akafika saa yake. Na hakudhurika.

#8 Kilo na Gramu
Wakuu, naleta utafiti. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000 wa eneo la Bristol, Uingereza, waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliolishwa walipodai, walipofika umri wa miaka 8, walikuwa juu kwa pointi 4 hadi 5 kwenye kipimo cha akili kuliko waliolishwa kwa saa. Kwa hiyo jibu lipo.

#9 Swali la Pili
Jibu halipo bado, mkuu. Mama anayelisha kwa saa na mama anayelisha mtoto akidai si watu wa aina moja. Elimu, kipato, afya, kama anarudi kazini mapema, vyote vinaingia humo. Wenyewe walioandika walitahadharisha kwamba chanzo hakijathibitishwa. Na umeacha nusu ya pili ya matokeo: mama waliofuata saa walisema wanalala vizuri zaidi na wanajiamini zaidi. UsikuMrefu kauliza kwa sababu amechoka, hiyo nusu inamhusu.

#10 Kilo na Gramu
Walichuja hayo mambo ya elimu na kipato kadiri walivyoweza. Na kulikuwa na kundi la tatu ambalo watu hulisahau: mama waliotaka kulisha kwa saa wakashindwa. Hao kwa tabia wanafanana na wa ratiba, lakini alama za watoto wao zilikuja kufanana na za waliolishwa wakidai. Kama tofauti ingekuwa ni aina ya mama tu, hilo kundi lingeangukia upande mwingine.

#11 Swali la Pili
Hoja nzuri hiyo, naikubali kama hoja. Ila pia inawezekana mtoto mwenye nguvu za kudai ndiye aliyewashinda hao mama. Yaani tofauti ilikuwa ndani ya mtoto tangu mwanzo.

#12 Baba Kulwa na Doto
Nyinyi wawili mtatumaliza na Bristol. Karibuni kwenye nyumba yenye pacha mjue maana ya ratiba.

Sisi bila ratiba tungezikwa. Mmoja akiamka kunyonya, mwenzake tunamwamsha, hata kama amelala fofofo. Wananyonya pamoja, mmoja kila upande, miguu ya kila mmoja ikipita chini ya kwapa la mama yao kuelekea nyuma, mto mkubwa mapajani. Mimi kazi yangu ni kupokea mmoja, kumcheulisha, kubadilisha nepi, kupokea wa pili. Mkianza kufuata kila mtoto na matakwa yake, mama ananyonyesha mchana na usiku bila kusimama. Lakini anayeanzisha mzunguko ni mwenye njaa zaidi, saa hatukuitazama. Kulwa ndiye alikuwa ratiba yetu.

#13 Napita Kimya
Hahaha, Kulwa mkurugenzi.

#14 Mama wa Njiti
Naomba nitoe upande ambao haujasemwa. Wangu alizaliwa kabla ya wakati. Hospitali ndiyo iliyotupa ratiba: kila saa tatu, usiku na mchana, aamshwe. Mtoto njiti hadai. Analala tu, anazidi kudhoofika huku mama anafurahi kuwa ana mtoto mtulivu. Hata mtoto aliyetimiza miezi, akiwa na umanjano anaweza kuwa mzito hivyohivyo. Ningesubiri adai, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Namwamshaje? Namvua nguo abaki na nepi, namweka kifuani ngozi kwa ngozi, nasugua nyayo, nabadilisha nepi katikati ya kunyonya. Nikimwona ameacha kumeza naminya ziwa taratibu, maziwa yanamchuruzikia, anaanza tena. Kwa hiyo mtu asiniambie saa ni adui.

#15 Mkunga Mstaafu
Mama wa Njiti amesema kweli tupu. "Mlishe anapodai" inamfaa mtoto anayejua kudai. Mpaka arudishe uzito wa kuzaliwa, hatuachi apitishe muda mrefu bila kunyonya, wengi tunaweka kikomo cha saa tatu hivi. Akisharudisha na anaongezeka vizuri, anaweza kuachwa alale mpaka aamke mwenyewe. Tofauti ni kwamba hiyo saa ni kikomo cha mwisho. Mtoto akiomba kabla, anapewa. Ratiba ya mlangoni imeigeuza saa ileile kuwa lango la kumzuia.

#16 Maktaba ya Zamani
Kwa wanaodhani haya yameanza juzi: daktari Frederic Truby King wa Nyuzilandi alianzisha chama cha Plunket mwaka 1907, kikafundisha mama kulisha kila saa nne na usiku kutolisha kabisa. Alikuwa na sababu, watoto wengi walikuwa wanakufa kwa kuharisha na usafi ulikuwa duni, akaona utaratibu mkali utawaokoa. Mafundisho yake yalivuka bahari na kutawala malezi kwa miaka mingi. Baadaye upepo ukageuka. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, mojawapo ilikuwa kuhimiza kunyonyesha mtoto anapotaka.

#17 Swali la Pili
Na je, vizazi vilivyolelewa kwa saa nne si ndio waliotuzaa sisi? Hawakukua?

#18 Shangazi wa Wote
Walikua, mwanangu, ila ulizia pia ni wangapi kati ya mama zao waliambiwa "maziwa yako yamekauka" mtoto akiwa bado mdogo. Maziwa hayakukauka bure.

#19 Daktari wa Zamu
Shangazi kagusa jambo lenye maelezo ya kimwili, naongezea. Baada ya wiki za mwanzo, utengenezaji wa maziwa unaongozwa na jinsi ziwa linavyokamuliwa. Ziwa likijaa na kukaa limejaa, utengenezaji unapungua. Likitolewa mara kwa mara, unaongezeka. Mama akiongeza muda kati ya kunyonya mapema mno, mwili unasoma kwamba mahitaji ni madogo.

Lakini hapa ndipo wifi naye anaweza kuwa mkweli. Matiti ya wanawake yanatofautiana uwezo wa kuhifadhi maziwa kwa mara moja, na ukubwa unaouona kwa macho hauelezi sana. Mwenye hifadhi kubwa mtoto anashiba kwa mara chache. Mwenye hifadhi ndogo anatoa maziwa yaleyale kwa siku nzima, ila kwa mafungu mengi. Watafiti wa Australia Magharibi walichapisha mwaka 2006 vipimo vya watoto wa mwezi 1 hadi 6 waliokuwa wakikua vizuri kwa maziwa ya mama pekee. Kuna aliyenyonya mara 6 kwa siku na kuna aliyenyonya mara 18, kila ziwa likihesabiwa peke yake. Ratiba moja kwa hao wawili haiwezekani. Wifi huenda alifanikiwa kwa sababu ya kifua chake, na anadhani ni kwa sababu ya karatasi.

#20 Mama Saa
Daktari, na huenda alifanikiwa kwa sababu ya karatasi na wewe unadhani ni kifua. Hujampima.

#21 Daktari wa Zamu
Kweli, sijampima.

#22 UsikuMrefu
Asanteni wote, nasoma kila neno huku nimembeba. Mkunga, nepi za mkojo ni tano, siku nyingine sita. Alizaliwa na kilo 3.2. Tulipotoka hospitali alikuwa 3.0. Kliniki ya wiki ya pili ilikuwa 3.1. Nesi alisema "anaendelea", hakusema zaidi. Ratiba nilianza kuifuata baada ya kliniki hiyo.

#23 Mkunga Mstaafu
Mwanangu, sikiliza vizuri. Kupungua siku za mwanzo ni kawaida, hata kukifika asilimia 7 na zaidi kidogo, na wako alipungua kama asilimia 6 tu. Lakini kufikia wiki ya pili tunatarajia awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa au karibu yake, na baada ya hapo aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku. Wako alikuwa bado chini, kisha kunyonya kukapunguzwa. Hiyo nepi tano nayo ni chache, kuanzia siku ya tano tunataka sita au zaidi, mkojo mweupe.

Kesho asubuhi nenda kapime, usisubiri tarehe ya kadi. Usiku huu mnyonyeshe kila anapoomba, na akilala apitishe saa tatu, mwamshe. Ukiona amelegea, haamki kunyonya, macho yanaendelea kuwa ya njano, au joto limefika nyuzi 38, usisubiri asubuhi.

#24 Mama Saa
Kwa hapo nasimama na mkunga. Uzito kwanza. Mimi wangu walikuwa wamepita uzito wa kuzaliwa nilipoanza. Bandua hiyo karatasi kwa sasa, mdogo wangu.

#25 Fundi wa Ziwa
Nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ananyonya dakika chache, anaachia, anasinzia. Unasikia anameza? Mimi nilihangaika na ratiba, nikahangaika bila ratiba, kumbe mtoto alikuwa anashika ncha ya chuchu tu. Nilipofundishwa kusubiri apanue mdomo mpana, kidevu kigote kwenye ziwa kwanza, mdomo wa chini umegeuka nje na weusi mwingi unaonekana juu kuliko chini, jioni zile zikabadilika ndani ya muda mfupi. Kabla ya kugombana na saa, mtu mwenye ujuzi aangalie anavyoshika.

#26 UsikuMrefu
Chuchu ya kushoto ina mpasuko, na akiachia inatoka imebonyea upande mmoja. Nilidhani ni kawaida ya mtoto wa kwanza.

#27 Fundi wa Ziwa
Si kawaida, dada. Kubonyea hivyo ni alama ya kushika vibaya. Kesho hapohapo kliniki nyonyesha mbele yao, waone kwa macho. Usikubali kuambiwa kwa mdomo tu.

#28 Mama Chango
Mimi sioni kwamba ni njaa peke yake. Saa 11 jioni mpaka usiku ndiyo saa ya tumbo. Wangu alikunja miguu, uso ukajikunja, tumbo gumu. Akinyonya ananyamaza dakika mbili halafu anaanza upya, maziwa juu ya gesi. Kumcheulisha vizuri na kumlaza kifudifudi juu ya mkono wangu nikitembea naye ndiko kulikomtuliza.

#29 Daktari wa Zamu
Hilo la tumbo linatajwa sana, na watoto wengi wanaolia jioni hawana tatizo lolote tumboni. Daktari Morris Wessel na wenzake mwaka 1954 waliweka kipimo cha chango kinachotajwa hadi leo: kulia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa wiki 3, kwa mtoto anayekula vizuri na mwenye afya. Chanzo bado kinabishaniwa. Kilio cha watoto kwa jumla hupanda tangu kuzaliwa, hufika kilele karibu wiki ya sita, kisha hushuka, awe na ratiba au asiwe nayo. Ndiyo maana dawa yoyote uliyoanza wiki ya sita utaisifia wiki ya kumi.

#30 Mama Chango
Nimekuelewa, daktari, lakini mkono wangu ulikuwa unausikia ule upepo ukitoka. Na ukitoka, analala.

#31 Baba Kulwa na Doto
Mimi naona jioni ni uchovu. Siku nzima sauti, mwanga, wageni, kila mtu anataka kumbeba. Doto ikifika jioni ukimpeleka chumba chenye giza, bila neno, alikuwa anatulia hata bila kunyonya. Kulwa hapana, yeye alitaka ziwa. Tumbo moja, siku moja, sababu mbili.

#32 Shangazi wa Wote
Na ziwa la jioni lina maziwa machache kwa kila mara kuliko la alfajiri, ndiyo maana mtoto anarudi rudi. Akirudi anapata yenye mafuta zaidi kwa sababu ziwa halijajaa. Anajiwekea akiba ya usiku. Mwache ajiwekee.

#33 Swali la Pili
Hiyo ya akiba inasemwa kila mahali, ila kama kweli angekuwa anajiwekea akiba, watoto wanaonyonya mfululizo jioni wote wangelala usiku. Wangu alinyonya mfululizo jioni na usiku pia.

#34 Kulala ni Haki
Kuhusu hao wa wifi waliolala "usiku kucha". Kuna utafiti wa mwaka 1957 uliochapishwa Uingereza ambao kipimo chake kilikuwa mtoto kulala kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri. Saa tano tu. Wengi walifikia hapo walipokaribia miezi mitatu. Tukikumbuka wanetu miaka ikishapita, zile saa tano huwa zinageuka kumi.

Pia mtoto mchanga hana mchana na usiku mwilini mwake. Mwili wake unaanza kuutambua mwezi wa pili hadi wa tatu. Mzunguko wake wa usingizi ni kama dakika 50 hadi saa moja, na karibu nusu ni usingizi mwepesi ambamo anakunja uso, anaguna, anatupa mikono, hata kulia kidogo, akiwa bado amelala. Ukimnyanyua hapo umemwamsha wewe. Mimi nilikuwa naweka mkono kifuani pake, nasubiri. Mara nyingi alirudi.

#35 Dawa Rahisi
Wangu nilimlaza kifudifudi kitandani, akalala saa nyingi bila kushtuka. Na bibi yake alimtilia kitu kizito kidogo kwenye chupa jioni. Tulilala wote.

#36 Mkunga Mstaafu
Hapana, ndugu yangu, na naomba wasomaji wote wasiige. Mtoto alazwe chali kila usingizi, kwenye kitanda chake kigumu kisicho na mito wala mablanketi yaliyolegea yanayoweza kumfunika uso, chumba kimoja na wazazi. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vilishuka kwa zaidi ya nusu. Kule kutoshtuka unakokusifia ndiko kunakotutia hofu, maana kushtuka kunamwamsha mtoto pumzi ikimzingua. Kumlaza juu ya mkono kama alivyofanya Mama Chango ni sawa kwa sababu yuko macho mikononi mwa mtu.

Na chupa: maziwa pekee mpaka miezi sita, hata maji hapana.

#37 Dawa Rahisi
Wangu yuko mzima na anasoma shule. Ila nimesikia.

#38 Kopo na Chuchu
Mimi natumia maziwa ya kopo, na kwetu ratiba ilikuja yenyewe, karibu kila saa tatu, kwa sababu yanakaa tumboni zaidi. Ila nako nilifundishwa nisimalizishe chupa kwa nguvu. Namkalisha wima kidogo, chupa iwe karibu mlalo, nampumzisha, akigeuza kichwa basi. Na ratiba isinifanye nitayarishe chupa zote asubuhi ziwe zinangoja: unga una vimelea vyake, maji yawe nyuzi 70 au zaidi wakati wa kuchanganya, kisha napoza, na ikikaa saa mbili nje haijanywewa namwaga.

#39 Swali la Pili
Natoka nje ya mada kidogo. Jirani yangu alikuwa anategemea kunyonyesha kama uzazi wa mpango, akaanza ratiba ya kumlaza mtoto usiku mzima, akashika mimba nyingine mapema. Kuna uhusiano?

#40 Mkunga Mstaafu
Uhusiano mkubwa. Njia hiyo inafanya kazi kwa zaidi ya asilimia 98 masharti matatu yakitimia kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya ziwa pekee, na hajatimiza miezi sita. Na kunyonya ziwa pekee hapo kuna maana ya kutopitisha zaidi ya saa 4 mchana na saa 6 usiku. Anayeongeza muda wa usiku kwa ratiba atafute njia nyingine mapema.

#41 Napita Kimya
Hii tu imenitosha kuja kwenye uzi huu.

#42 Niliyenyamaza
Nimesoma wote, mnaongea mtoto, mtoto. Mimi nilifuata mtoto kila alipodai kwa sababu kila aliyenizunguka alisema mama mwema anafanya hivyo. Sikulala. Ilifika mahali namsikia akilia na sisikii chochote ndani yangu. Nesi aliniuliza yale maswali kumi ya kupima sonona baada ya kujifungua, yale yaliyotungwa Edinburgh mwaka 1987, moja linauliza kama mtu amewahi kufikiria kujidhuru. Niliposema ndiyo ndipo watu wakaamka. Nilitibiwa, na sehemu ya msaada ilikuwa kipande kimoja cha usiku ambacho si changu: nanyonyesha, nakabidhi mtoto, naingia chumba kingine, nalala mpaka niletewe. Mpangilio huo mdogo ndio ulionirudisha. Kwa hiyo UsikuMrefu, ukibandua karatasi, usibaki bila kitu. Nani anakupokea?

#43 UsikuMrefu
Ahsante dada kwa kusema. Mume wangu yupo, anauliza kila siku afanye nini na sijui nimjibu nini maana ziwa ni langu. Tumekubaliana kesho twende wote kupima.

#44 Baba Kulwa na Doto
Mwambie kila kitu kisichokuwa ziwa ni chake. Nepi, kucheulisha, kumtembeza kwenye giza saa 11 jioni wewe ukiwa umelala hata nusu saa. Na maji yako ya kunywa yawe mkononi kabla hujaomba.

#45 Mama Saa
Na mpangilio wa siku anaweza kuushika yeye: mapazia asubuhi, taa hafifu usiku. Hilo halimnyimi mtoto chochote hata akinyonya mara kumi na mbili.

#46 Daktari wa Zamu
Mama Saa, hapo sina ubishi.

#47 Shangazi wa Wote
Ila asije akakuletea tena neno la kusubiri saa 1, Mama Saa tunakujua.

#48 Mama Saa
Akishatimiza miezi mitatu na kilo zimepanda nitarudi, shangazi, na utanikuta na saa yangu.

#49 Napita Kimya
Swali la haraka kwa mkunga na daktari: mke wangu akikamua usiku, nikampa mtoto maziwa hayo kwa kikombe mchana yeye akiwa amelala, kuna shida? Nimesikia maziwa ya usiku yanalevya usingizi.

#50 Daktari wa Zamu
Maziwa ya usiku yana melatonini, homoni ya usingizi inayotoka kwa mama, na ya mchana karibu hayana. Kama yanamlaza mtoto kwa kiasi cha kuonekana, ubishi bado upo. Unaweza kuandika saa kwenye chombo na kumpa ya usiku usiku, haina gharama. Nje ya friji yakae saa 4, kwenye friji siku 4. Ila wiki za mwanzo asiruke kukamua au kunyonyesha usiku, maana prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, iko juu saa hizo.

#51 Fundi wa Ziwa
Mimi ningesubiri kidogo kabla ya kukamua, mpaka kunyonya kwenyewe kukae sawa. Kukamua juu ya kunyonya wiki ya kwanza kulinijaza maziwa mpaka ziwa likavimba na homa ikapanda.

#52 Mama wa Njiti
Na mimi kama nisingekamua tangu siku ya kwanza, wangu asingepata hata tone. Inategemea mtoto yuko wapi, ziwani au kwenye mpira wa kulishia.